Balozi wa Katanga Arudi Nyumbani

Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti yangu ya kwaya. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi, na nchi, tuliambiwa, haiwezi kukaa bila marafiki. Basi vijana kumi na wawili wa Elisabethville tukatumwa Ndola, ng'ambo ya mpaka, tukabadilishane utamaduni. Baba yangu alitoka Kasai kufanya kazi ya reli akafia hapa. Mimi nilizaliwa hapahapa, ila mtaani walishaanza kutuita wageni. Nilipewa karatasi ngumu yenye muhuri: balozi wa vijana wa Katanga. Mama aliigusa kwa kidole.

"Enda tu," alisema. "Labda ile karatasi yabo itatusaidia."

Sakania, mpakani, ofisa aliisoma akanipigia saluti. Nilivimba kichwa hadi Ndola.

Ndola wenyeji walituandalia chakula cha nchi yao, eti tusichokijua: bukari, ugali wetu wa kila siku, na sombe ya majani ya muhogo. Tulipiga makofi. Nasi tukacheza ngoma ya nchi yetu, na akina mama waliokaa nyuma wakatusahihisha hatua.

Nililala kwa Mama Mwansa, Mbemba aliyewahi kuishi Elisabethville na mumewe. Aliniuliza kabila, nikasitasita kabla ya kumwambia kuwa mimi ni Mluba wa Kasai. Akaniongezea sombe.

"Bankambo betu, bazee ba zamani, balitoka kwa Baluba," alisema. "Ikala chini, mwana. Hapa uko kwenu."

Niliona haya kwa jinsi nilivyofurahi.

Baada ya siku nane tulirudi. Kituoni Elisabethville askari aliisoma karatasi yangu pole pole, mara mbili.

"Karatasi iko muzuri," alisema. "Lakini jina iko ya Kasai. Bantu benu bote beko ku camp."

Nyumbani nilikuta pazia la watu wengine dirishani. Mama nilimkuta kambini, nje ya mji, pamoja na Waluba wengine waliofukuzwa, chini ya turubai, akipuliza mbabula, jiko letu la bati. Makaa yalikuwa yamelowa mvua.

"Balikupokea muzuri?" aliuliza.

"Sana, mama. Balisema niko kwetu."

Alinyoosha mkono.

"Leta ile karatasi."

Basi nilichojifunza safarini ni hiki: mama hakukosea kuhusu karatasi ile. Ilishika moto mara moja, na jioni ile tulikula bukari ya moto.