Lori Lililochemka Katikati ya Barafu

Mpaka leo nikipita sokoni Walthamstow, huku ughaibuni, yule muuza samaki hunipungia mkono huku anacheka, na ninajua anachocheka, basi afadhali nieleze mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa msikitini waendelee kuongeza chumvi.

Wa kwanza kulaumiwa ni Kombo, rafiki yangu wa tangu Tanga, ambaye msikitini hakuna asiye na namba yake. Namtaja kwa jina, akisoma asome. Tulikuwa tumesimama nje kwangu, lori langu (kuukuu kweli, lakini halijawahi kunilaza njiani) limepungukiwa maji ya rejeta, nikamwambia ngoja nikanunue yale ya dawa yasiyoganda. Kombo akacheka. "Athumani, umekuwa Mzungu lini? Maji ni maji. Tanga tulikuwa tunajaza ya bomba na malori yanapanda mpaka Lushoto!" Mimi shule niliishia la nne, lakini hata mimi najua baridi ya Lushoto ni ya sweta. Ila sikutaka kuchekwa, nikachukua ndoo nikajaza. Usiku ule baridi ikashuka mpaka magari ya mtaa mzima yakawa meupe.

Na asubuhi yake ndiyo niliyokuwa nimemwahidi Mama Rehema kumhamisha. Mama Rehema ni mjane wa Mombasa, anahudumia wazee majumbani, alikuwa anabanana na wanawe watatu kwenye chumba kimoja, na ndiyo kwanza amepewa nyumba ya serikali mtaa wa Ilford. Ofisi ya nyumba ilimwambia aje mwenyewe achukue funguo kabla ya saa sita mchana, akikosa anapewa anayefuata. (Nilikuwa na nia zangu kwake, sifichi. Mwanamume wa umri wangu anachoka kula peke yake.)

Lori liliwaka, na hilo ndilo lililoniponza. Mkanda wa injini ukapiga yowe kama paka aliyekanyagwa, nikasema ni baridi tu, litazoea, tukapakia magodoro, kabati, friji, tukaondoka. Hita inapuliza baridi tupu. Mama Rehema kajifunika leso juu ya koti.

"Kaka Athumani, mbona mshale huu wapanda?"

"Geji mbovu hiyo. Ya siku nyingi."

"Na harufu hii?"

"Ya gari la mbele."

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Taa za barabarani nazo nyekundu, kila moja, na mimi jasho linanitoka ndani ya lori lenye baridi kama jokofu. Tulipofika karibu na soko mvuke ukafumuka chini ya boneti, nikasimama mbele ya meza ya muuza samaki.

Mwenye akili angezima akasubiri. Mimi nikafungua boneti nikajifanya fundi, maana watu walishaanza kujaa na Mama Rehema ananitazama. Nikatangaza kwa sauti kwamba ni themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji yazunguke, kimekwama, nikakigonga kwa spana. Nikagusa mpira wa juu wa rejeta, unaunguza. Wa chini, baridi na mgumu kama mti. Nikaubinya, ukalia krach! Barafu. Rejeta imeganda, pampu ya maji imeshikwa na barafu (ndiyo maana mkanda ulipiga yowe tangu nyumbani), maji hayana pa kupita, injini inajichemsha peke yake.

Nikajua yote hayo, na bado, sijui shetani gani, nikafunika kifuniko cha rejeta kwa koti nikakizungusha. Yakaruka maji ya kutu yanayochemka, nikajitupa nyuma, nikatua makalio kwenye sanduku la samaki na barafu yake. Mkono umeungua, suruali imelowa. Simu zote juu. Muuza samaki akauliza kama nataka kupikwa au kugandishwa, soko zima likaangua kicheko.

Mama Rehema hakucheka. Alishuka, mkoba wa karatasi zake kwapani.

"Nipe mkono niuone. Utie maji ya bomba, usitie dawa ya meno."

"Mama Rehema, nipe dakika kidogo tu, nitayeyusha..."

"Sina dakika za kukupa, kaka. Wanangu walala sakafuni."

Akalikimbilia basi la Ilford, hakugeuka nyuma.

Funguo alizipata, saa sita karibu igonge. Lakini vyombo vyake vilibaki kwenye lori langu, na kutoka kwenye basi mtu aliyempigia simu ni nani? Kombo! Akaja na gari lake, akapakua friji kutoka kwenye lori huku anatikisa kichwa, akasema mbele ya umati ule ule, "Athumani, baridi yote hii unajaza maji ya bomba?"

Nikashika upande wa pili wa friji kwa mkono uliokuwa mzima.

Injini ilikuwa imepasuka, lori likaenda chuma chakavu. Kombo kila Ijumaa baada ya swala anakula pilau Ilford, nyumba ambayo mimi sijaiona hata mlango. Nimeapa sitajaza tena kitu kwenye injini kwa kuogopa kuchekwa, maana nilijaza, na wamenicheka vilevile.