Gundi Katika Njia ya Oili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mradi mmoja wa afya ya vijijini pale Kilosa, sikushikishwa spana. Fundi Mkuu alinipa kitambaa, brashi, ndoo ya mafuta ya taa na kopo la poda ya watoto. Akanionyesha pikipiki iliyolowa oili kuanzia chini ya silinda hadi tairi la nyuma, akataka nimwambie inavujia wapi. Nikatazama, nikamjibu kwamba inavujia chini. Hakucheka. Aliniambia kuwa chini ni mahali oili inapoangukia, na yeye ameuliza inapotokea.

Nikaiosha injini, nikaifuta mpaka ikakauka kabisa, nikaipaka poda upande mzima, nikaiwasha na kuiacha ingurume kwa dakika chache. Poda ilibaki nyeupe kila mahali isipokuwa kwenye kona moja ya kava la klachi, ambako ulijichora mstari mwembamba mweusi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kutafuta oili inayovuja, na mpaka leo sijaona njia nyingine inayoishinda kwa fundi asiye na vifaa vya gharama. Mafundi ninaowaona sasa wanaanza kufungua bolti kabla hata hawajaifuta injini vumbi. Hilo linaniudhi, lakini si hilo lililonifanya niandike.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Injini ya pikipiki ina makava mawili makubwa ya aluminiamu. La kushoto linafunika magneti, kifaa kinachozalisha umeme. La kulia linafunika klachi. Kati ya kava na injini inakaa gasketi, karatasi ngumu iliyokatwa kufuata umbo la ukingo ili oili isipenye. Katika pikipiki zile za mradi kava la kulia lilikuwa na kazi nyingine pia. Ndani yake ilipita njia nyembamba kama njiti ya kiberiti, iliyopeleka oili kwenye krenki, yaani ile shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Krenki ikikosa oili, chuma kinasagana na chuma, injini inakwama ghafla na tairi la nyuma linakwama nayo. Fundi Mkuu aliniambia nilione kava lile kama sehemu ya injini, nisilione kama kifuniko cha sufuria.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alikuwa mtu wa Mvumi kama mimi, mkimya, mwenye kuswali kwa wakati na kufunga bolti kwa mpangilio uleule kila siku: moja ya hapa, inayofuata ya upande wa pili, akizunguka mara tatu kabla ya kukaza mwisho, ili kava likae sawasawa. Bolti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo alizichomeka kwenye kipande cha boksi alichochora umbo la kava, kila bolti kwenye tundu lake. Ukiweka bolti fupi mahali pa ndefu, nyuzi za ndani ya tundu zinang'oka. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, unadhani umekaza kumbe imegota chini na kava bado liko huru. Alipostaafu nikashika nafasi yake, na boksi lile akaniachia.

Pikipiki zetu ziliteseka. Wauguzi walizipeleka hadi vijiji vya milimani, Mamboya na kwingineko, kwenye njia za mawe na makorongo. Pikipiki ikianguka ubavu, kava ndilo linalofika chini kwanza, kwa hiyo tulibadilisha makava mara kwa mara. Kwa miaka hiyo yote tuliletewa yale yaliyotengenezwa na wenye injini wenyewe, na yalikaa bila kuleta maneno.

Kisha akaja Meneja mpya wa Usafirishaji. Alikuwa kijana msomi, nadhifu, anayezungumza vizuri kwenye mikutano. Mwezi wake wa pili akaleta maboksi ya makava ya aina nyingine, ya bei ndogo, yanayong'aa kama sahani za harusini. La kwanza nililofunga lilivuja siku hiyohiyo. Nikalifungua, nikabadilisha gasketi, likavuja tena. Nikalichukua na kulilaza juu ya kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo kimenyooka na hakidanganyi. Kava likacheza. Ukibonyeza kona moja, nyingine inanyanyuka, na karatasi ya daftari ilipita chini yake bila kuguswa. Nikapima matano mengine kutoka kwenye boksi. Manne yalicheza.

Nilimwandikia barua kueleza. Siku tatu zikapita bila jibu, nikaenda ofisini kwake na kava mkononi. Alilitazama kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa kitu kichafu.

"Fundi," akasema, "hakuna pikipiki nchi hii isiyovuja kidogo. Paka gundi, watu waende kazini."

Gundi aliyoisema ni silikoni, ile inayotoka kwenye tyubu na kugeuka kama mpira ikikauka. Ina matumizi yake, ikipakwa nyembamba na mahali panapostahili. Lakini kuziba mwanya wa kava lililopinda inabidi uipake nene, na ukikaza bolti, inayozidi inaminywa pande zote mbili. Ya nje utaiona na kuifuta. Ya ndani huioni. Nilimweleza hivyo, nikataja na njia ya oili. Akaniuliza kama ninakataa kazi.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wasome polepole. Sikukataa. Nilikuwa na watoto shuleni na cheo nilichokipata kwa miaka mingi. Nilirudi karakana, nikapaka. Nilipaka pikipiki saba kwa mikono yangu, nikijua ninachofanya, na hasira yangu yote nikaimalizia kwenye tyubu. Hazikuvuja. Meneja akapita, akaziona kavu, akanipongeza mbele ya wenzangu.

Moja ya hizo saba ilikuwa ya Nesi Yudithi, mkunga aliyefanya kazi milimani upande wa Mamboya. Tulikuwa karibu rika moja. Binti wa wakulima wa hukohuko, amekulia kwenye shule ya misheni, mtu wa utaratibu kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kusoma. Kwenye usukani wake alifunga kitambaa maalumu cha kazi hiyo. Kati ya waendeshaji wote niliowahudumia, yeye ndiye niliyeweza kumkabidhi pikipiki bila kumkumbusha lolote.

Siku moja alishuka Kilosa kuchukua chanjo. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko mmoja kabla ya kijiji, injini ilikwama. Tairi la nyuma likakwama, pikipiki ikaserereka, naye akarushwa kwenye mawe. Goti la kulia lilivunjika vibaya. Wanakijiji walimbeba kwa kitanda cha kamba, na mwanamke mmoja akachukua sanduku la chanjo kichwani akalifikisha zahanati kwa sababu Yudithi, akiwa amelala pale chini, alikataa kubebwa kabla sanduku halijaondoka.

Pikipiki ililetwa karakana juu ya gari. Meneja aliamuru iingizwe stoo na isiguswe. Wiki ileile tukasikia ameandika taarifa kwa Mratibu wa Mradi, mkubwa wetu aliyekuwa Morogoro: injini imekufa kwa kukosa oili, mwendeshaji ni mzembe, hakupima, anapendekezwa kuachishwa kazi. Niliposimuliwa nilikuwa nimeshika nyundo, na nikaona ni afadhali niiweke chini.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Mguu ulikuwa umefungwa plasta hadi juu. Nilimpa pole, nikakaa. Yeye ndiye aliyeanza.

"Fundi, nimeambiwa sikupima oili. Nilipima asubuhi, nikapima tena Kilosa kabla ya kupanda. Ilikuwa pale inapotakiwa. Wewe unanijua. Basi niambie, injini imekufa kwa nini?"

Nilimjibu kwamba sijaifungua, hivyo siwezi kusema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Nilijua tangu niliposikia imekwama. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimemkasirikia Meneja peke yake.

Mratibu alikuja Kilosa wiki iliyofuata kusikiliza shauri. Alikuwa mama mtu mzima, mchache wa maneno. Meneja alisoma taarifa yake vizuri sana. Alipomaliza, nikanyoosha mkono, nikamsalimu Mratibu shikamoo, akaitikia marahaba, nikaomba injini ifunguliwe mbele yake. Meneja akasema hakuna haja, chanzo kinajulikana. Mratibu akasimama akaelekea stoo.

Nilianza kwa kumwaga oili kwenye chombo cha kupimia, wote wakitazama. Ilitoka karibu kipimo kamili. Meneja akasema pengine iliongezwa baadaye, na mtunza stoo akajibu kwamba ufunguo haujatoka mfukoni mwake. Nikafungua bolti, nikazipanga kwenye boksi. Kava lilitoka kwa shida kwa jinsi lilivyogandishwa. Nikaligeuza, nikaingiza waya mwembamba kwenye njia ya oili. Haukupita. Nikausukuma kutoka upande wa pili, ukatoa kipande cha silikoni, chekundu, kirefu kama punje ya mchele. Nikakiweka kwenye kiganja cha Mratibu.

"Nani aliyepaka gundi hii?" akauliza.

"Mimi."

"Ulijua inaweza kuziba?"

"Nilijua. Niliandika barua kuhusu makava haya. Niliambiwa nipake, nikapaka."

Nikatoa nakala ya barua. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akamgeukia Meneja na kumuuliza kama aliipokea. Meneja akasema anapokea barua nyingi.

Nesi Yudithi hakuachishwa kazi. Taarifa ile ilifutwa, akaandikiwa nyingine inayosema kweli. Pikipiki sita zilizobaki zilisimamishwa siku hiyohiyo, nikazifungua, na katika mbili nikakuta gundi imeanza kuingia kwenye njia. Kwa hayo ninashukuru. Lakini mimi nilipewa barua ya onyo kwa kufanya kazi chini ya kiwango, nikahamishiwa kituo chetu kidogo cha Mikumi. Onyo nililistahili, sibishi. Kinachonichoma ni kwamba Meneja hakupewa hata neno la onyo. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akafanyiwa sherehe yenye keki. Na lori lililobeba vyombo vyangu kwenda Mikumi lilibeba pia maboksi ya makava yaliyobaki, na karatasi iliyoandikwa "yatumike."

Sikuyatumia yalivyokuwa. Mikumi nilitafuta kioo kinene, nikakilaza mezani, nikaweka juu yake karatasi ya msasa laini iliyolowanishwa oili. Ukingo wa kava niliuchora kalamu ya wino kuuzunguka wote, kisha nikalisugua juu ya msasa kwa mwendo wa mviringo, mkono mwepesi. Wino unapofutika ni pale palipoinuka, unapobaki ni pale palipozama. Unaendelea mpaka wino uishe wote. Kava moja lilinichukua nusu siku. Kisha naliosha, napuliza njia ya oili, nahamisha zile pete mbili ndogo zinazoongoza kava likae mahali pake, nikizitoa kava la zamani, maana wengi huzisahau humo na kava jipya likakaa kombo. Naweka gasketi mpya, kavu, nafunga kwa kuzunguka. Yaliyopinda kupita kiasi niliyatoboa katikati kwa tindo ili asije mtu akayafunga. Nikaandika idadi yake na sababu, nikasaini.

Kwa miaka yote ya Mikumi nilihudumia zahanati za upande wa Kidodi, ambako malori ya miwa yanafunika pikipiki kwa vumbi linaloganda popote penye oili. Ukiona vumbi limeganda kwenye ungio la kava, hapo panavuja, hata bila poda. Sikurudia kupaka gundi kwenye kava la klachi, na kila aliyeniamuru nilimwomba aiandike amri yake. Hakuna aliyeandika.

Sasa nimestaafu, ninaishi Mikumi. Madereva wa bodaboda wananiletea pikipiki zinazovuja, na karibu zote ninazifungua nikakuta makava yaleyale yanayong'aa na gundi ileile nyekundu. Juzi nilikwenda na kioo changu kwenye duka moja la vipuri, nikamwomba kijana anayeuza alaze kava juu yake. Alinisalimu kwa heshima, akalilaza, akaliona linacheza. Akaniambia, "Mzee, wateja hawaulizi." Nikamwambia mimi ni mteja na nimeuliza. Akalirudisha kwenye boksi, akalifunga, akaliweka rafu ya mbele.

Nilitamani kupiga kelele pale dukani. Nilinyamaza kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe, na tyubu mkononi, nikipongezwa kwa kazi kavu.

Nesi Yudithi amestaafu pia. Anatembea kwa fimbo, na mlima hawezi tena kuupanda kwa miguu. Nilimwomba radhi mara moja, nyumbani kwake, mbele ya mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia alinisamehe siku aliposimuliwa kwamba nilisema "mimi" pale stoo, ila goti halijui habari hiyo, linauma kila mvua zikianza. Nimeandika haya ili fundi anayeambiwa leo apake tu, watu waende kazini, ajue kuna mtu atakayeiendesha pikipiki hiyo mlimani.