Sinia Lisilo na Mbele

Nilipoolewa Miburani, nilikuta ukuta mmoja wa sebule ya mama mkwe ni mtupu. Mimi mwalimu wa sanaa kutoka bara nikaona hapo ndipo pa kujipendekezea. Nikaahidi kumchorea sinia lake la Ijumaa, lile tunalolizunguka wanawake wa nyumba ile: yeye, wifi yangu, shangazi wa mume wangu na mimi. Niseme kweli, nilitaka aache kuniita “mgeni wetu.”

Chuoni tulifundishwa kusimama mahali pamoja: kilicho karibu kikubwa, cha mbali kidogo. Lakini sinia halina mbele. Nikichora kwa namna hiyo, kichwa cha samaki kitamwelekea mmoja na wifi abaki na mkia, na wifi yangu kwa kununa hana mpinzani. Nikawakumbuka wachoraji wa Kikubisti, waliokataa kwamba meza ina upande mmoja. Waliizunguka, kisha wakabandika pande zote kwenye kitambaa kimoja cha kuchorea. Wachokozi wale, nami nawapenda.

Basi Ijumaa moja niliwaacha wenzangu wakila, nikasimama na penseli nyuma ya kila mmoja kwa zamu. Picha ikatoka na birika linaloonekana ubavuni na juu kwa pamoja, limau lenye nyuso mbili, na samaki mmoja mwenye vichwa vitatu.

Mama mkwe aliinamia picha.

“Birika hili lilianguka?”

“Hapana, mama. Limetazamwa kila upande.”

Wifi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akagusa kichwa kimoja cha samaki. “Kichwa hiki changu,” alisema. Shangazi naye akadai limau. Wakaanza kugawana picha kama chakula, na roho yangu ikatulia.

Mama mkwe hakucheka. Alipitisha kidole ukingoni mwa sinia. “Hapa nimekaa mimi. Hapa binti yangu. Hapa shangazi yenu. Wewe umekaa wapi?”

Nilikuwa nimelizunguka sinia lote, nikasahau upande wangu.

“Mgeni ndiye anayesimama wenzake wakila,” alisema. “Nenda kaimalize.”

Ijumaa iliyofuata nilikaa nikala, kisha nikaongeza kichwa cha nne. Samaki yule sasa hafanani na chochote cha baharini. Wageni wakiuliza kuhusu picha ile ukutani, mama mkwe huwaonyesha kwa kidole: “Hapa anakaa mke wa mwanangu.”