Uvimbe wa Figo na Vitenge Vyangu

Niligawa vitenge vyangu siku ya Jumatano, kwa sababu nilijua ninakufa. Jumatatu ya wiki hiyo, fundi wa echo, ile mashine ya kupiga picha za tumbo, katika hospitali moja ya hapa Bunia alikuwa amenipitishia chombo chake tumboni kwa muda mrefu mno, akamwita mwenzake, wakanong'onezana Kifaransa. Kisha akaniambia kuna uvimbe kwenye figo zote mbili, na kwamba daktari atasoma picha wiki ijayo. Mimi hata chai siwezi kuisubiri ipoe.

Niliogopa sana, sitaficha. Nilimwogopea zaidi binti yangu wa miaka tisa, mwenye kifafa tangu utotoni. Aliniuliza kila siku kama nitapona, nami nikamjibu ndiyo, huku moyoni nikijua ninadanganya.

Kwetu, mwanamke akifa, mawifi hugombania vitenge vyake hata matanga hayajaisha. Nilitaka kuwanyima raha hiyo. Nikafunga furushi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka mtaa wetu wa Mudzipela hadi Saio, nikampelekea shangazi yangu vyote. Alilia kidogo, akajifunga kile cha bluu kiunoni kuona kama kinamtosha, akalia tena.

Siku ya daktari nilikwenda na binti yangu. Daktari hakuanza na picha, alianza na uso wangu, wenye vipele vidogo vyekundu puani na mashavuni ambavyo nimevipaka poda maisha yangu yote.

"Mama, hizi vipele uko nazo toka lini?"

"Toka utoto."

"Na mutoto anaangukaka kifafa?"

Akampandisha binti yangu shati na kunionyesha mabaka meupe mgongoni, yale niliyokuwa nikiyasugua kwa ndimu miaka yote. Akasema vyote ni ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, na mtoto ameurithi kwangu. Nikakaza moyo nisikie habari za figo.

"Haiko kansa, mama. Uvimbe inatoka ku ile ugonjwa. Iko mafuta na mishipa ya damu, na iko kidogo. Kila mwaka tutaangalia. Ukisikia maumivu kali ku mbavu, ao uone damu mu mukojo, kuja mbio."

Nilicheka, nikalia, nikamwomba arudie. Akarudia, maskini, mara tatu.

Tulipita Saio kumpa shangazi habari. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Nilipovitaja vitenge, akakunja uso. "Kitu mutu amegawa akiaga, hairudiake. Inarudi na kifo." Sijawahi kuisikia mila hiyo, lakini siku hiyo ningemwachia hata sufuria.

Njiani binti yangu aliniuliza kama na yeye atapata uvimbe.

"Pengine," nikasema. "Muganga ataangalia na figo zako."

"Na weye utakuwa pale?"

Nikamwambia nitakuwepo, na safari hii sikuwa ninamdanganya.