Tanuri la Watoto Wawili

Kiangazi cha mwaka 2013 nilikuwa napita tu Kasulu. Nilikuwa naelekea Kibondo, ambako niliambiwa kuna kazi ya kupakia mihogo kwenye malori, nikaomba kulala kwa kaka yangu usiku mmoja. Usiku huo ulifika hadi mvua za kwanza.

Kaka alikuwa fundi wa kufyatua tofali. Alikuwa na watoto wawili kwa mama wawili, mmoja akikaa Heru Juu na mwingine Kabanga, na hakuishi na yeyote kati yao. Asubuhi akaniambia, "Nisindikize ustawi wa jamii. Mama zao wawili wamenishtaki siku moja."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ndiyo kesi yenyewe."

Tuliwakuta mama wote wawili wameshakaa. Afisa alikuwa mpole, mgeni wa mkoa wetu. Alimuuliza kaka anapata kiasi gani kwa mwezi.

"Mwezi upi?" kaka akauliza.

Afisa akahesabu kwenye simu yake, akatoa kodi ya chumba, akatoa chakula, kisha akabaki anaitazama ile simu. "Kilichobaki nikikigawanya," akasema, "kila mtoto anapata sabuni na kiberiti."

"Kiberiti cha nini, tuwachome?" mama wa Kabanga akadakia.

Wakaanza kusemana na kaka kwa Kiha, haraka haraka. Afisa akanigeukia nimtafsirie. Nilimtafsiria nusu, nusu nyingine ilikuwa matusi.

Mama wa Heru Juu hakucheka. Ukuta wa chumba cha mtoto wake ulikuwa umeanguka masika, na tangu hapo pamezibwa kwa turubai. "Sitaki hela ambayo haipo," alisema. "Anipe tofali. Mvua ikinikuta na turubai, mtoto nitamleta alale hapa ofisini."

Mimi shule niliacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Afisa alipoamua kaka awachomee watoto wote wawili tanuri moja la tofali, nikauliza linagawanywaje.

"Nusu kwa nusu," akajibu afisa. "Tofali za kulia za mmoja, za kushoto za mwenzake."

Wote tukaitikia, hata kaka, ambaye kazi yake ni hiyo. Kushoto kukawa kwa mama wa Heru Juu.

Tulipanga tofali, tukalikandika tanuri kwa udongo, tukawasha. Kaka alikuwa na haraka ya kumaliza kesi, hivyo hakuweka kizuizi upande wa kushoto, unakotokea upepo. Upepo ukausukuma moto wote kulia.

Siku ya kufungua mama wote wawili walikuja. Tofali za kulia zilikuwa nyekundu, ukizigonga zinalia. Za kushoto zilikuwa tope lililoota moto. Mama wa Kabanga akachukua moja ya kushoto akaitumbukiza kwenye beseni la maji. Ikayeyuka tukiitazama.

"Kwa hiyo mtoto wa mwenzangu utamjengea nyumba ya uji?" akamuuliza kaka.

Mama wa Heru Juu alikuwa anaangalia mawingu.

Mama wa Kabanga akatusi kidogo, akazunguka tanuri, akarudi. "Dada, chukua zangu. Mimi nilitaka kuziuza, mtoto apate viatu na daftari. Shule haijafunguliwa, nitasubiri. Ila tanuri lijalo ni langu lote, kulia, kushoto na majivu yake." Akaninyooshea kidole. "Na shahidi ni huyu shemeji asiyetulia. Haendi popote."

"Nina kazi Kibondo, shemeji."

"Kibondo ina miguu?"

Nikabaki. Tofali nilizibeba mwenyewe kwa baiskeli hadi Heru Juu, safari baada ya safari, nikauliza kila mlima kwa nini uko hapo. Tanuri la pili liliwashwa chini ya ulinzi: mama wa Heru Juu alikuja na mabati makuukuu, akayasimamisha upande wa upepo, akakaa mbele yake kwenye kigoda. Kaka alikuwa anaomba ruhusa hata ya kwenda kunywa maji.

Lilipofunguliwa, mama wa Kabanga aligonga tofali za pande zote mbili kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Kisha akanitazama.

"Haya shemeji, nenda zako."

Nilipitia Heru Juu kuaga. Mvua ikanikamata hapo hapo, nzito, ya kwanza. Mama wa Heru Juu akanitandikia mkeka chumbani kwa mtoto, chini ya ukuta mpya. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja ameuegemeza kwenye tofali. Nami nikalala usiku mmoja tu, na safari hii ulikuwa mmoja kweli.