Kidonda cha Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi, wodi ya wanawake, Shinyanga, miaka ya sabini mwanzoni, nilipewa beseni la wagonjwa kukalia maji ya chumvi. Muuguzi mkuu wa wodi akaniambia, "Lisugue mpaka ujione uso." Nikasugua huku nanung'unika moyoni.

Mama Kulwa aliletwa na mumewe, mfugaji wa Runzewe. Tangu ajifungue, miaka kadhaa nyuma, mlango wa uke ulimuuma hata akiguswa na nguo. Daktari alikata ngozi ile yenye maumivu, akashona. Baada ya siku chache nyuzi zikafumuka, kidonda kikatunga usaha. Ikabidi kifunguliwe, kisafishwe na kuachwa kijifunge chenyewe kutoka chini, kwa sindano za penisilini na lile beseni.

"Nesi," aliniuliza, "kovu likinibana, si nitarudishwa kwetu?"

Swali lake nikalipeleka kwa muuguzi mkuu. Naye akaniuliza kama nimemweleza mume.

"Mama, mimi binti, nitamwambiaje mtu mzima habari za uke wa mkewe?"

"Basi amwambie nani, dereva?"

Nikaenda. Nilimweleza nikitazama sakafu, naye anatazama ukuta. Nilipomaliza akauliza, "Miaka yote ile alikuwa anaumia?"

"Ndiyo, Baba Kulwa."

"Mayu wee! Mimi nilidhani hanitaki." Akalia mbele yangu, nami nikalia naye, kazi ikasimama.

Tangu siku hiyo maji ya beseni alichemsha yeye. Wanaume waliokuja kuona wagonjwa walimcheka, eti kalishwa limbwata. Akawajibu, "Ng'ombe wangu akiumia namkanda. Sembuse mke wangu?"

Kidonda kilifunga polepole. Kovu lilibaki gumu upande mmoja, na daktari hakuwaficha kwamba maumivu huenda yasiishe yote.

Sasa nimestaafu. Ninyi wauguzi vijana mna dawa tusizoziota, nami nafurahi kweli. Ila msiwaonee haya waume. Wengi hawajui kwa sababu hawakuambiwa.

Mwaka niliostaafu nilikutana na Mama Kulwa sokoni Kahama, kanenepa, kapendeza. Baada ya shikamoo nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa sauti ya chini anaendeleaje.

"Kuna siku bado panauma, nesi," akasema, akicheka kama msichana. "Namwambia Baba Kulwa. Basi ananiletea chai kitandani, tunapiga soga mpaka usingizi utuchukue."