Jembe la Saruli

Vita vilipokwisha, Kundan Singh alimwandikia mkewe, Saruli: nitafika kabla ya kupanda. Alikuwa ameingia jeshini kwa hiari yake, miaka mitano nyuma, kazi yake kupigilia nyumbu viatu vya chuma, na bado alikuwa Burma. Walioingia juzi wakarudishwa makwao, milima ya Garhwal, India. Yeye akaambiwa angoje.

"Mpaka nyumbu wa mwisho auzwe," alisema karani.

"Basi niuze na mimi, bwana."

Karani akacheka, akagonga muhuri kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Msimu wa kupanda ukapita. Baba yake Kundan, aliyekuwa akimlimia shamba, alikuwa amekufa mwaka ule ule wa amani. Na huko milimani mwanamke hupanda, hupalilia, huvuna na kubeba, lakini plau ya maksai hagusi, ni mwiko. Padam, kaka yake Kundan, alikwisha tamka mbele za watu kwamba shamba lile akililima yeye, ni lake.

Kundan aliachiwa mwaka wa pili. Alipopanda kilima cha kijijini kwao, Padam alikuwa ameketi ukutani.

"Karibu, jemadari! Wajapani umewaweza. Mkeo je?"

"Shamba umelichukua, kaka?"

"Nenda kajionee."

Akaenda. Matuta kumi na moja yalishuka bondeni kama ngazi, na kumi yalikuwa yamegeuzwa udongo, mweusi, mbichi. Hapakuwa na mfereji wa plau hata mmoja. Ni alama za jembe, bega kwa bega, maelfu kwa maelfu, mpaka macho yakachoka.

Saruli aliinuka katikati ya mawe.

"Umekonda, Baba Bimla."

"Nani kalima?"

"Mie. Mwaka jana pia."

"Na maksai?"

"Wapo tu, wamenenepa kama wakwe. Plau sikugusa. Jembe nani kanikataza?"

Akampa alishike. Kundan alikuwa mtu wa chuma. Alikwisha ona jinsi viatu vya nyumbu waliovuka Burma nzima vinavyolika. Lakini jembe hili, alilolifua mwenyewe kabla hajaondoka, pana kama sinia, sasa lilimwenea kiganjani. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Usisimame kama mgeni," alisema Saruli. "Limebaki tuta moja."

Kundan akaketi ukingoni, akavua mabuti ya jeshi, akayaweka nje ya shamba. Ndipo akakanyaga udongo ule, taratibu, miguu mitupu.

"Nianzie wapi?" akamuuliza.